Printa ya Picha: Tuchague Wino Kwanza

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Katika ununuzi wa printa ya picha, nathubutu kuwapinga. Tutokapo nyanjani, sisi watafiti wa fasihi simulizi huwachapishia wazee waliotusimulia ngano picha zao ziwe shukrani. Sisi hubaki na faili. Wao hubaki na karatasi pekee. Wauzaji husifia maelfu ya nukta kwa inchi, ilhali uhai wa picha hutegemea zaidi wino na karatasi. Kwa kawaida, wino wa rangi iliyoyeyushwa hufifishwa na mwanga mapema kuliko wino wa chembechembe. Basi tuulize kwanza aina ya wino na gharama ya kuujaza, ndipo tuulize bei ya mashine. Shukrani inayofifia ukutani ni shukrani gani?