Weka Jiki Chini

Mwonyeshe mtu yeyote wa Nairobi tangi la samaki lililotelekezwa, ushauri utakuwa ule ule. Toa samaki, waweke kwa ndoo. Mwaga maji yote. Ng'oa mimea, sugua vioo na jiki, osha changarawe mpaka maji yatoke meupe, jaza upya kutoka bomba, rudisha samaki. Jioni tangi linang'aa kama dirisha la benki, picha inapigwa, inawekwa kwa status. Siku ya tatu samaki wanaelea tumbo juu, na mshauri wako anakwambia bila haya ati walikuwa wazee.

Hawakuwa wazee. Waliuawa na usafi.

Sina shahada ya samaki. Sina shahada yoyote, chuo nilikiacha mwaka wa pili. Lakini jambo hili halihitaji profesa. Tangi lenye mimea si sufuria ambayo ukiisugua inarudi kuwa sufuria. Samaki akinya na kupumua anatoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, juu ya changarawe na kwenye majani. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitraiti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine linaigeuza nitraiti kuwa naitreti, ambayo mimea inaila kama mbolea. Makundi hayo huchukua wiki kadhaa kujijenga. Jiki inayamaliza kwa dakika. Hata maji ya bomba, yenye klorini, ukiyapitisha kwenye sponji ati unaisuuza, umeshamaliza kazi.

Na kuna mtego mwingine ambao hao mafundi wa mwaga-yote hawautaji. Maji ya tangi lililoachwa muda mrefu hupata asidi kidogo kidogo. Ndani ya asidi hiyo, amonia nyingi hukaa katika umbo lisilo na makali sana, na samaki wanazoea, wanaishi hivyo hivyo kwa shida zao. Sasa wewe njoo na ndoo zako za bomba, uondoe ile asidi kwa nusu saa. Amonia iliyobaki inageuka kuwa ile kali, hapo hapo, na samaki aliyevumilia miaka minne ya kusahauliwa anakufa siku moja ya kukumbukwa.

Tangi langu nililitoa South B, kwa jamaa aliyekuwa anahama. Lita 120 hivi. Vioo vilikuwa na mwani mzito kama zulia, taa ikiwaka mchana na usiku kwa sababu swichi ilikuwa nyuma ya kabati. Ile mimea yenye majani marefu kama riboni, Vallisneria, ilikuwa imebaki mizizi na mabaki ya kahawia. Ndani mlikuwa na guppi sita na kambare mdogo mmoja wa kulamba vioo. Jamaa aliniomba msamaha kwa uchafu, akanipa na chupa ya jiki kama zawadi. Chupa hiyo nafulia soksi.

Kazi niliyofanya inachosha hata kuisimulia. Wiki ya kwanza nilipunguza taa hadi saa sita kwa siku, nikapunguza chakula, nikatoa majani yaliyooza kwa mkono. Kila siku ya tatu nilitoa ndoo moja, sehemu moja ya kumi ya maji, nikarudisha ndoo moja iliyokuwa imetiwa dawa ya kuondoa klorini. Sponji niliikamua ndani ya ile ndoo ya maji machafu niliyotoa, si chini ya bomba. Vioo nilikwangua upande wa mbele tu, nione ndani. Nyuma na pembeni niliacha. Tope la chini sikulifukua, maana likikaa miaka huwa na mifuko myeusi yenye harufu ya yai bovu, na ukiikoroga yote kwa pamoja unawamwagia samaki sumu. Nikatia matawi ya mmea unaokua haraka, ule unaofanana na mkia wa mbweha, ule chakula mwani uliokuwa unakula. Wiki ya tano riboni ya kwanza ya kijani ikachomoza kutoka kwenye mzizi ambao kila aliyeutazama aliuita maiti.

Najua utasema: mbona povu lote hili kwa sababu ya guppi? Nitakwambia. Kwetu ni Kau.

Kama huijui Kau, usijilaumu, hata matatu haziijui sana. Ni kijiji kando ya mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, mahali ambapo maji ya Tana yanafikia bahari baada ya kutoka milima ya katikati ya nchi. Zamani Tana na Ozi zilikuwa njia mbili. Karne ya 19 ukachimbwa mfereji, Belezoni, wa kuziunganisha, na mto wenyewe ukaupenda ule mfereji mpaka ukaufanya kuwa njia yake kuu. Watu wa Kau wanalima mpunga kwa kutumia bahari. Bahari ikijaa inausukuma mto kurudi nyuma, na maji baridi ya mto yanapanda juu yanaingia mashambani. Hakuna pampu. Kuna kujua saa ya maji kujaa, basi.

Mpango huo unategemea mto wenye nguvu na wenye tope. Mafuriko ndiyo yaliyoleta udongo mpya kila msimu. Halafu huko juu yakajengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, Kiambere. Bwawa linafanya kitu kimoja ambacho mpenda usafi angekishangilia: linashika tope. Maji yanayotoka chini yake ni meupe kuliko yaliyoingia. Kwa mkulima wa chini ni maji yenye njaa. Na mto ukipungua nguvu, kile kinachopanda na maji kujaa si maji baridi tena, ni chumvi.

Nilimweleza bibi yangu jinsi watu wa mjini wanavyofufua tangi. Akauliza, "Na tope wamelitupa?"

"Wamelitupa, bibi."

"Basi wamebakiza gilasi."

Tazama sasa ujinga huu ukipewa bajeti. Mwaka 2008 NEMA ilitoa kibali kwa mradi wa miwa wa TARDA na kampuni ya Mumias, takriban hekta 20,000 za delta ya Tana. Nani anapanga kufunika hekta 20,000 kwa zao moja, mahali anapoamini tayari pana kitu? Wenyeji wakaenda kortini. Mwaka 2012 delta hiyo hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, hekta 163,600. Tope lile lile. Kilichobadilika ni macho ya anayelitazama.

Hata wewe wa Nairobi umo ndani. Maji mengi ya bomba lako yanatoka Ndakaini na Sasumua, yaani Thika na Chania, vijito vya Tana. Tangi lako South B au Umoja ni kipande cha mto wetu kilichokopwa. Na ukiyamwaga hayarudi: mitaro ya Nairobi inaenda Athi, Athi inakuwa Galana, inakuwa Sabaki, inatoka Malindi. Si Kipini. Ndoo yako haitaujaza Ozi, sijasema hivyo, usinitungie. Nasema tu unapoyaita "maji machafu" na kuyamwaga lita 120 kwa mkupuo ili upate picha, ujue yalikuwa yanaelekea wapi kabla hayajakatishwa safari.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mabingwa wa kuishi ndani ya tope ni samaki wetu wenyewe. Kwenye madimbwi ya mvua ya bonde la Tana kuna samaki wadogo, madume yana rangi utadhani yamepakwa na fundi wa matatu. Wataalamu wanawaita Nothobranchius. Wanaanguliwa mvua ikinyesha, wanakua kwa wiki chache, wanataga ndani ya tope, dimbwi linakauka, wazazi wote wanakufa. Mayai yanabaki humo ardhini, makavu juu, hai ndani, yakisubiri mvua nyingine. Aina moja, Nothobranchius willerti, ilielezwa kitaalamu mwaka 1992, na inatambulishwa kwa jina la Mnanzini, kijiji cha juu ya Garsen. Wafugaji wa Ulaya wanawajua samaki wa aina hii, wanatumiana mayai yao kwa posta ndani ya mboji yenye unyevu. Bahasha ya tope! Mtu wa Ujerumani analipa stempu kwa kitu ambacho wewe unakiosha na jiki. Na kamongo naye, wa huko huko delta, dimbwi likikauka anajichimbia topeni anangoja.

Simwambii mtu aende Garsen na wavu. Madimbwi hayo yana taabu za kutosha. Na ukipunguza mimea yako usiitupe mtaroni wala mtoni ukijiona umerudisha kwa asili. Magugu maji yaliyoliziba Ziwa Victoria asili yake ni Amerika Kusini, na yalisambazwa duniani kama pambo la bwawa, kwa sababu ya ua lake zuri. Anika mimea juani mpaka ikauke, kisha itupe.

Wenye maduka watanipinga, najua. Tangi linalofufuliwa kwa ndoo moja kila siku ya tatu halinunui changarawe mpya, filta mpya, mimea mipya na samaki wapya wa kuziba pengo la waliokufa. Sina ubaya nao, kila mtu anatafuta unga. Ila mtu akikuuzia samaki wale wale mara tatu kwa mwaka, huyo si mshauri wako.

Kumwaga kuna wakati wake. Kioo kimepasuka. Mtu amepuliza dawa ya mende chumbani na filta ya hewa imeivuta ndani. Hapo mwaga, wala usingoje asubuhi. Lakini yale ya ndoo ya kila siku ya tatu, yaliyojaa naitreti, usiyapeleke chooni. Sukuma yangu ya kwenye baraza inakunywa hayo tu, na majirani wameanza kuja na visu.