Pochi ya majaribio isiguse sarafu halisi

Timu inayojenga pochi ya sarafu za kidijitali ya kutumika kwenye tovuti hufika siku ya kuwaita watu waijaribu. Kwa wale walio karibu na siku hiyo tuna ombi moja: toleo la majaribio lifanye kazi kwenye mtandao wa majaribio pekee, na lisiwe na njia yoyote ya kufika kwenye mtandao wenye sarafu halisi. Onyo jekundu juu ya ukurasa halitoshi.

Maonyo tumeyaona yanavyoshindwa. Tarehe 24 Aprili 2018 wadukuzi waliteka njia ambazo intaneti huzitumia kutafuta tovuti, na kwa muda wa saa mbili hivi baadhi ya waliokwenda kwenye pochi ya MyEtherWallet walijikuta kwenye tovuti bandia. Vivinjari vyao viliwaambia wazi kwamba cheti cha tovuti ile hakiaminiki. Waliobonyeza kuendelea walipoteza sarafu za Ether zenye thamani ya dola 150,000 hivi. Hatuwaiti wajinga. Walikuwa na shughuli ya kumaliza, na kila mtu mwenye simu amewahi kubonyeza "nakubali" bila kusoma. Mjenzi anayeandika "tumia kwa hiari yako" na kulala usingizi amejikinga yeye mwenyewe, na mteja amebaki palepale.

Ukikosea namba unapotuma pesa kwa simu, una pa kupiga. Kama aliyepokea hajazitoa, muamala unaweza kuzuiwa na hela zikarudi. Kwenye Bitcoin na Ethereum hakuna ofisi ya kupigia. Kosa la mjenzi linageuka hasara ya mtumiaji papo hapo, na ndiyo maana tunadai zaidi kwa pochi kuliko tunavyodai kwa programu ya muziki au ya habari.

Pochi ya tovuti nayo ina udhaifu wake wa pekee. Mtu anapoifungua, kivinjari hupakua msimbo wake kutoka kwenye seva. Msimbo ambao wataalamu waliukagua wiki iliyopita unaweza kubadilishwa leo asubuhi na yeyote mwenye ruhusa ya kuandika kwenye seva hiyo, na mtumiaji asione tofauti yoyote. Hilo ndilo lililolikuta soko la sarafu la Bybit la Dubai Februari 2025. Sehemu ya akiba yake ilikuwa kwenye Safe, pochi inayotaka saini za watu kadhaa kabla sarafu hazijatoka. Wadukuzi waliingia kwenye kompyuta ya mtengenezaji mmoja wa Safe, kisha wakabadilisha msimbo wa JavaScript uliokuwa kwenye seva za Amazon, wakiupanga uamke pale tu Bybit itakapoingia. Tarehe 21 watia saini waliona kwenye skrini zao muamala wa kawaida, wakauidhinisha. Walichokitia saini kilikuwa kitu kingine kabisa. Ether zipatazo 400,000, karibu dola bilioni 1.5, zikaondoka, na muda mfupi baadaye msimbo ukarudishwa ulivyokuwa. FBI ya Marekani iliitaja Korea Kaskazini kuwa ndiyo iliyohusika.

Safe ilikuwa pochi iliyokomaa, yenye watumiaji wakubwa na ukaguzi nyuma yake. Timu changa ya watu wanne au watano ijiulize: nani ana ruhusa ya kupandisha msimbo kwenye seva yetu? Kama jibu ni kila mmoja, kutoka kwenye kompyuta ileile anayosomea barua pepe na kupakulia sinema, basi umma usiitwe bado. Mabadiliko yapitie mikono ya watu wawili. Msimbo uwekwe wazi, na mtu wa nje awe na njia ya kulinganisha ule uliochapishwa na ule anaopewa na tovuti.

Kuna pia msimbo wa watu wengine. Hakuna anayeandika pochi yote mwenyewe; sehemu kubwa huokotwa kwenye maktaba huria za mtandaoni. Mwaka 2018 mtu aliyekuwa akitunza kwa kujitolea maktaba ya event-stream alimkabidhi mgeni aliyejitolea kuiendeleza. Mgeni yule akapenyeza kipande cha msimbo kilichokusudiwa kuiba funguo za watumiaji wa pochi ya Copay. Orodha ya maktaba zinazotumika ipunguzwe hadi zile zisizoepukika, na matoleo yake yafungwe yasibadilike yenyewe usiku.

Lakini kinachotutia hofu kuliko vyote ni namna funguo zinavyozaliwa. Pochi hutengeneza ufunguo wa siri kwa namba ya kubahatisha, na namba hiyo isipobahatishwa vizuri, ufunguo unaweza kukisiwa. Kasoro ya aina hii haionekani kwa macho. Pochi inafunguka, inapokea, inatuma, rangi zinapendeza. Desemba 2014 pochi ya Blockchain.info ilifanyiwa maboresho ya programu usiku, na kwa bahati mbaya yakaharibu sehemu inayohakikisha funguo zinatengenezwa kwa usalama. Kasoro iliondolewa baada ya saa mbili na nusu hivi. Katika muda huo mfupi funguo dhaifu zilikwisha kuingia duniani. Watumiaji waliponea kwa kuwa mtu mmoja mwenye utaalamu aliziona sarafu zilizokuwa wazi, akazichukua kabla ya wezi, kisha akarudisha zaidi ya Bitcoin 250.

Novemba 2022 ikawa zamu ya Trust Wallet, iliyotoa toleo jipya la pochi ya kivinjari. Ufunguo ulioandikwa kama maneno 12 ya siri unapaswa kutoka kwenye uwezekano ambao idadi yake ni namba yenye tarakimu 39. Toleo lile lilikuwa likichagua kutoka kwenye uwezekano bilioni 4 hivi, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida inaweza kukimaliza. Wachunguzi wa usalama wa kampuni ya Ledger waligundua ndani ya siku chache, msimbo ukarekebishwa. Hata hivyo pochi zilizokwisha kutengenezwa hazikurekebishika. Wenyewe waliambiwa wahamishe sarafu zao, na waliochelewa wakaibiwa, jumla ya dola 170,000 hivi, ambazo kampuni iliahidi kuzirudisha.

Hapa ndipo pochi inapotofautiana na programu nyingine zote. Kasoro ya ukurasa wa kulipia bili huisha siku inaporekebishwa. Kasoro ya kutengeneza ufunguo hubaki na mtumiaji miaka na miaka, amelala juu yake bila kujua, hadi atokee wa kuukisia ufunguo wake. Kwa hiyo anayeruhusu watu waweke sarafu halisi kwenye toleo la majaribio anawapa hatari isiyokwisha majaribio yanapokwisha.

Liko jambo lingine ambalo wakati wa majaribio hulizidisha. Timu inayotafuta hitilafu hupenda kurekodi kila kitu: nani alibonyeza nini, sanduku lipi lilijazwa, ujumbe upi ulitokea. Agosti 2022 maelfu ya pochi kwenye mtandao wa Solana yalifagiliwa kwa usiku mmoja. Uchunguzi ulionesha kwamba programu ya Slope ilikuwa ikituma maneno ya siri ya watumiaji, yakiwa wazi bila kufichwa, hadi kwenye seva ya kukusanyia taarifa za hitilafu. Hatuna sababu ya kudhani kuwa aliyeandika msimbo ule alikuwa mwizi. Alitaka kujua programu inakwama wapi. Basi kabla ya kufungua mlango, mtu mmoja wa timu apewe kazi ya kusoma kila kinachotoka kwenye kivinjari kwenda nje, mstari kwa mstari, akitafuta maneno ya siri. Sanduku la kuandikia maneno hayo lizimiwe kikagua tahajia pia, maana vipo vinavyopeleka maandishi kwenye seva za watu wengine.

Pa kujaribia papo. Bitcoin ina mtandao wake wa majaribio, Ethereum ina Sepolia na mingine. Sarafu zake hugawiwa bure, na miamala yake hupita hatua zilezile. Kwenye Bitcoin hata anwani hutofautiana: za kweli za aina mpya huanza na bc1 na za majaribio huanza na tb1, kwa hiyo anayekosea hukataliwa na programu. Ethereum haina kinga hiyo. Anwani ni moja kotekote, na mtu anayenakili na kubandika anaweza kutuma Ether za kweli kwenye anwani aliyoipata katika pochi ya majaribio. Tungependa kuona kitufe cha kunakili kinachoweka neno MAJARIBIO mbele ya anwani, ili pochi nyingine yoyote ikibandikiwa iikatae. Ni kazi ya saa moja kwa mwandishi wa msimbo.

Tunajua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Watu hawachukulii kwa dhati kitu kisicho na thamani. Bila fedha halisi hutajua wanavyotumia pochi kweli. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa kwa fedha halisi. Kuanzia Oktoba 2005, wateja wapatao 500 wa Nairobi na Thika waliitumia, wakilipa mikopo midogo kwa simu, na majaribio yale ndiyo yaliyofichua kwamba watu walikuwa wakiitumia kwa mambo ambayo wabunifu hawakuyapanga, likiwemo la kutumiana hela wao kwa wao. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya kutuma pesa, na mikopo ikawekwa kando. Pasipo shilingi za kweli hilo lisingejulikana.

Ila tuangalie walifanyaje. Watu walikuwa mamia, wanajulikana, wana mawakala na wafanyakazi wa kuwafundisha, na hesabu ikienda kombo palikuwa na mtu wa kuirekebisha. Umma mzima haukuitwa. Timu ya pochi inayotaka kujifunza kwa fedha halisi ifuate njia hiyohiyo baada ya awamu ya wazi: watu wachache inaowajua, kiasi kidogo kilichowekewa kikomo, na ahadi ya maandishi ya kulipa hasara itakayotokana na kosa lake.

Majaribio ya wazi yana kazi nyingine kubwa, nayo ni kuwafundisha watu kurejesha pochi kwa maneno yao ya siri. Maneno 12 hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048 iliyowekwa na kanuni ya BIP39 ya mwaka 2013. Miongoni mwa orodha zake zimo za Kiingereza, Kijapani, Kihispania, Kifaransa, hata Kicheki. Ya Kiswahili haimo. Mama mwenye duka Morogoro au kijana wa Goma atanakili kwa mkono maneno ya Kiingereza asiyoyazoea, na herufi moja ikipotea anaweza kufungiwa nje ya fedha zake. Wengi watapiga picha ya skrini, na picha hiyo itakwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni au ionekane na fundi siku simu inapopelekwa kubadilishwa kioo. Pochi iwalazimishe wajaribu wafute kila kitu na kuanza upya kwa karatasi yao, zaidi ya mara moja, na timu ihesabu wangapi wameshindwa na walikwama kwenye neno lipi. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka. Orodha ya Kiingereza ilipangwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno. Mwambieni mtumiaji hivyo, itampunguzia hofu.

Matapeli nao watakuja siku ileile tangazo linapotoka. Watafungua kurasa zinazofanana, watajiita huduma kwa wateja kwenye Telegram na WhatsApp, watawaandikia watu "tupe maneno yako tukusaidie". Anwani moja tu ya tovuti itangazwe mapema na isibadilishwe, na kila ukurasa useme kwamba hakuna mfanyakazi atakayeomba maneno hayo. Anayegundua kasoro apewe njia ya siri ya kuiripoti, ajibiwe haraka, alipwe. Watumiaji wa Blockchain.info waliokolewa na mtu wa nje, na Trust Wallet ilitahadharishwa na watu wa nje.

Sheria nayo isisahauliwe. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayowapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni na kusimamia. Tanzania, ambako Benki Kuu ilitangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, ilianza mwaka 2024 kutoza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Timu inayoshika sarafu za kweli za watu chini ya jina la majaribio isidhani jina hilo litaitetea mbele ya msimamizi.

Awamu ya majaribio iwe na tarehe ya mwisho inayojulikana tangu siku ya kwanza. Tarehe hiyo ikifika, pochi zote zilizofunguliwa humo zifungwe, hata kama hakuna kasoro iliyoonekana. Toleo la kweli likatae maneno ya zamani yanapoingizwa, na kila mtu, akiwemo aliyekuja siku ya kwanza, atengenezewe maneno mapya.