Fundi wa taa za omena, mbona usichore bodi yako mwenyewe?

Pita ufuoni Mbita, Homa Bay, ama Muhuru Bay kule Migori jioni. Utapata wavuvi wa omena wakiandaa taa za sola na betri kabla ya kuingia ziwani. Taa ikikataa kuwaka, usiku huo hakuna kazi. Kesho yake taa inaletwa kwako, kijana wa kibandani mwenye mita mkononi.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaishia kurekebisha tu. Bodi inayodhibiti chaji ikiungua, tunasaka nyingine kutoka nje ama tunaitupa taa nzima. Mbona usichore yako?

Najua utasema programu za kuchora saketi ni ghali. Ndiyo maana wengine hutumia nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi. Wengine walishikilia toleo la bure la EAGLE, lililokataa bodi inayozidi sentimita 80 za mraba. Kisha mwaka 2023 kampuni ya Autodesk, wenye EAGLE, wakatangaza kuifunga Juni 2026. Ukijenga kwenye ploti ya mtu, siku akiitaka utahama tu.

KiCad ni tofauti. Ni programu huria iliyoanzishwa 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na tangu 2013 imesaidiwa na CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. Hulipi leseni, hata ukiuza ulichobuni. Inakubali bodi ya hadi tabaka 32 za shaba; taa ya omena inahitaji moja ama mbili. Ipakue mara moja kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha fanya kazi bila bando.

Tusidanganyane: KiCad haitakufundisha umeme, na wiki za kwanza zitakuchosha. Anza na saketi ndogo ya kuchaji betri. Ichore, panga vifaa kwenye bodi, kisha toa faili za Gerber, ambazo viwanda vya bodi hupokea, viwe vya Nairobi ama Uchina.

Nanyi walimu wa vyuo vya ufundi, msimfunze mwanafunzi programu ambayo hataweza kuilipia akihitimu.

Wavuvi wako hapo, na shida yao unaijua kuliko mhandisi yeyote wa mbali. Kilichobaki ni kuanza kuchora.