Toki konveta ya raundi kubwa: wadau, gari la kazini si la mashindano!

Leo naacha stori za wodi na za vibali, nazungumzia magari. Hapa Mayfair vijana wetu, Wabongo kwa Wakenya, wakikutana wikiendi hadithi ni moja tu: toki konveta ya raundi kubwa. Mdogo wangu naye kaingia mkumbo. Anataka kufunga ya raundi 3,500 kwenye Toyota lake la otomatiki ambalo injini yake kashaichokonoa. Na gari hilohilo ndilo linalonipeleka zamu za usiku, kwa hiyo haki ya kusema ninayo!

Msimamo wangu: kwa gari la barabarani, 3,500 ni nyingi mno.

Kwa asiyejua, konveta inakaa kati ya injini na gia boksi, pale ambapo gari la manyuo lina klachi. Ndani mna mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili. Moja linazungushwa na injini na kurusha oili, la pili linaipokea na kuzungusha gia. Katikati lipo la tatu, linaigeuza oili inayorudi ili isukume tena, ndiyo maana gari linapata nguvu ya ziada linapoondoka. Sasa ukikanyaga mafuta huku matairi yamezuiwa, injini itapanda mpaka mahali fulani igome. Hizo ndizo raundi za konveta. Magari mengi ya kawaida ni kama 1,800 hadi 2,200.

Faida yake ipo, sikatai. Ukifunga kamshafti kali, injini inakuwa goigoi raundi za chini. Konveta ya raundi kubwa inaiacha ipande mpaka kwenye nguvu zake ndipo gari liondoke. Turbo kubwa nayo hivyohivyo. Kwa mbio za mita 402 kama zile za Tarlton, sina ubishi.

Tatizo ni joto. Pangaboi moja likimwacha mwenzake, tofauti yote inageuka joto kwenye oili. Oili ya gia otomatiki inapenda nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikishinda juu ya 120 inaungua, na klachi za ndani zinaanza kuteleza. Sisi manesi hatusubiri mtoto apate degedege ndipo tupime homa! Kipimo cha joto na rejeta ya ziada ya oili vinunuliwe KABLA ya konveta.

Halafu jiulize: ukiwa 120 kwa saa kwenye N1, injini iko raundi ngapi? Kama ni 2,500 na konveta ni ya 3,500, inateleza safari nzima, unachoma petroli na gia boksi kwa pamoja. Dawa ni konveta yenye loki, inayofunga mapangaboi yazunguke pamoja ukishachanganya mwendo.

Jambo jingine watu hawalisemi: Johannesburg iko juu, kama mita 1,750. Hewa ni pungufu karibu sehemu moja ya sita, na injini isiyo na turbo inapungua nguvu hivyohivyo. Injini dhaifu haiipandishi konveta. Ile ya 2,800 kule Dar au Mombasa, hapa itagomea 2,600 hivi. Nairobi nako ni kama hapa. Kwa hiyo usinunue kwa namba ya jamaa wa pwani.

Ushauri wangu: injini iliyoguswa kidogo, chukua 2,400 hadi 2,800 yenye loki. Mpe fundi kamshafti uliyofunga, uzito wa gari, difu na saizi ya matairi, yeye ndiye apige hesabu. Na mkipima raundi huku mmekanyaga breki, sekunde tano zinatosha, na mbele ya gari asisimame mtu. Majeruhi tunao wa kutosha.

Anayetaka 3,500 atafute gari la pili la mashindano. Gia boksi ikifa saa tisa usiku barabarani Joburg, hasara si ya hela peke yake.

Kwa leo niishie hapo, naingia zamu. Tuko pamoja!