Moshi Uonekanao Angani Usimhukumu Mkulima

Kila mwaka, kati ya Juni na Oktoba, misitu ya miombo na nyika kuanzia Angola hadi Tanzania huwaka moto. Septemba 2000 watafiti wa mradi wa SAFARI 2000 waliona katika picha za setilaiti moshi mzito ukitiririka mfano wa mto, ukikatiza kusini mwa Afrika hadi Bahari ya Hindi. Picha za namna hiyo hustahili kutazamwa darasani. Lakini mara nyingi huandamana na lawama: tazameni wakulima na wafugaji wanavyoiteketeza nchi!

Hapo ndipo nisipokubaliana. Kwanza, setilaiti haioni kila kitu. Terra, iliyorushwa mwaka 1999, na Aqua, ya mwaka 2002, zilihisi joto la moto kutoka kimo cha kilomita 705 hivi, na kila doa lililochorwa liliwakilisha eneo la kilomita moja kwa moja. Chombo kilichomo katika Suomi NPP, ya mwaka 2011, huona vizuri zaidi, hadi mita 375. Hata hivyo moto mdogo wa shambani uliozimika kabla hakijapita hauhesabiwi. Moshi nao ni msafiri, na mahali uonekanapo sipo ulipozaliwa.

Lililo kubwa zaidi ni majira. Huko Ndola, Zambia, tangu mwaka 1933, viwanja vya miombo vilichomwa kwa nyakati mbalimbali kwa makusudi ya uchunguzi. Kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, kiligeuka mbuga ya nyasi. Kilichochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na umajimaji, kilibaki na miti. Basi anayehesabu madoa tu huwaweka katika kapu moja mwenye kuulinda msitu na mwenye kuuangamiza. Na anayepiga marufuku moto wote (wako wengi maofisini) anaweka akiba ya nyasi kavu hadi Septemba, zikingoja cheche moja.

Takwimu za madoa hayo hutolewa bure na shirika la NASA, pamoja na tarehe za kila moto. Mwalimu wa jiografia aweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuyapanga madoa ya wilaya yao mwezi kwa mwezi, halafu wakawaulize wazee wa vijiji hivyo sababu za kuwasha moto mwezi Juni.