Antena Ivaliwayo Ipimwe Mbekenyera

Kila chombo kiwasilianacho bila waya, kiwe simu au saa ya mkononi ihesabuyo mapigo ya moyo, hakina budi kuwa na antena. Chipu iliyomo ndani hufanya kazi ile ile Tokyo na Mbekenyera. Antena sivyo. Yenyewe hutegemea mwili ulioivaa, nguo, jasho na miti iliyo jirani. Kwa hiyo si haki utafiti wa antena uachiwe maabara za ng'ambo peke yake.

Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa megahezi 2,400, zitumiwazo na vyombo vingi vya kuvaliwa, urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, antena ya robo wimbi, basi, ni kama sentimita 3. Ikiwekwa karibu na mwili mambo hubadilika. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji yenye chumvi: hunyonya nishati ya mawimbi, tena huishusha frikwensi ambayo antena iliundiwa. Antena iliyoshonwa kwenye kitambaa hupatwa na hayo hayo kitambaa kinapolowa.

Mkulima wa Mbekenyera aokotaye korosho hutoka jasho tangu asubuhi, na matawi ya mikorosho yamemfunika. Chombo kilichopimwa juu ya mtu aliyesimama katika chumba kikavu hakijapimwa kwa ajili yake. Siku taarifa ya moyo wake isipofika zahanati, ukimya huo waweza kudhaniwa kuwa ni uzima.

Nachingwea, wilaya jirani, yatoa funzo. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza Kongwa mwaka 1947, ukaenezwa Urambo na Nachingwea. Matrekta yalifika kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Wako wasemao kwamba nchi isiyounda chipu haina la kufanya katika jambo hili. Ni kweli kwamba vyombo kamili vya kupimia antena ni ghali, wala shule haiwezi kuvinunua. Lakini antena yenyewe ni shaba iliyokatwa kwa kipimo. Aliyefunga waya juu ya mwembe ili redio yake isikike alikwisha kuianza kazi hii.

Vyuo vikuu visanifu, na shule za sekondari zipime. Simu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Wanafunzi waitundike simu mahali pa wazi, kisha waifunge kiunoni juu ya nguo kavu, kisha juu ya nguo iliyoloweshwa, simu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wasome mara 10 kila hali, watafute wastani, halafu warudie chini ya mkorosho. Upungufu wa desibeli 3 maana yake nusu ya nguvu imepotea. Desibeli 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Hapo logi za darasani zitapata kazi, na msanifu atapata takwimu asizoweza kuzipata maabarani.

Aisifuye mvua imemnyea. Antena nayo isisifiwe kabla haijalowa.