Besi Mkubwa Hafuati Ukubwa wa Ziwa

Wavuvi wa ndoano wa Myanga hadi Kitale wana mengi ya kusema kuhusu samaki wa besi. Mengine hayasimami.

Wanasema mbuta wa Port Victoria ni besi aliyenenepa. Hata kidogo. Mbuta ni wa Nile na Turkana, akatiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Besi ni wa Amerika Kaskazini, na aliletwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Anayemtaka atalipa nauli ya Naivasha.

Eti ziwa likiwa kubwa, samaki naye huwa mkubwa. Dai hili limewapotezea wengi muda. Mwaka 1932 George Perry alivua besi wa kilo 10 na ushei katika Montgomery Lake, jimbo la Georgia, Marekani: si ziwa hasa, ni maji yaliyoachwa na mto Ocmulgee ulipohama njia. Rekodi ilisimama hadi 2009, Manabu Kurita alipoifikia katika Biwa, ziwa kubwa kuliko yote Japani. Kwa hiyo ukubwa wa maji hauamui. Kinachoamua ni chakula cha kutosha na washindani wachache. Mwenye bwawa la tilapia hapa Bungoma analijua hili vizuri: akiwaacha wazaane ovyo, huvuna samaki wa kiganja. Ukitoa besi kumi mfululizo, vichwa vikubwa, matumbo yamebonyea, usishangilie; hapo njaa imewadumaza. Penye mmoja tu kwa siku, mgongo mnene, ndipo pa kurudia.

Na maji baridi ya Mlima Elgon? Hayo mwachie trauti. Besi hupenda maji yenye uvuguvugu.

Dai la mwisho ni kwamba Naivasha ni ileile ya zamani. Kamba wekundu walioingizwa 1970 waliwalisha besi vizuri, lakini samaki wa kapi walioonekana mwanzoni mwa karne hii wakaja kujaza nyavu. Kapi hutibua tope, na besi huwinda kwa macho. Tafuta basi maji maangavu yenye kina, kama ya upande wa Crescent Island, urushe ndoano pembeni mwa mimea. Ila alfajiri uliza kwanza wenyeji viboko wanapitia wapi wakirudi majini.